Mwaka Kuku wa Chepsaita Walipokataa Chakula Changu

Kosa langu la kwanza mwaka ule lilikuwa kusaga chakula cha kuku kikawa laini kuliko unga wa mandazi. Nilikisaga mara mbili, nikakichekecha, nikarudisha mashineni kila kilichobaki juu ya chekeche, mpaka gunia zima likawa vumbi tupu. Ukilipiga kofi linakupulizia usoni. Nilijivunia sana. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, masomo yangu yaliishia darasa la saba, na niliamini kwa moyo wote kwamba kitu kizuri ni kile kilichosafishwa mpaka hakina punje wala doa. Unga wa daraja la kwanza, ule ambao watu waliupangia mstari, ulikuwa mweupe na laini. Basi chakula cha kuku cha daraja la kwanza kingekuwaje kama si laini? Kuku peke yao ndio hawakuwa wameambiwa.

Nilikumbushwa hayo Desemba iliyopita kule Chepsaita, kikundi cha akina mama kilipofungua ghala lake jipya la mayai na kunialika kama mgeni. Mama Rael, aliyekuwa mwenyekiti wao wakati ule na ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alinishika mkono akanisimamisha mbele ya watu wote. "Mnamuona huyu mzee wa tai?" akasema. "Huyu ndiye alitaka kumaliza kuku zetu na poda." Watu wakacheka mpaka watoto waliokuwa wamelala mgongoni wakaamka. Mezani kulikuwa na chai ya maziwa, mkate, na sahani kubwa ya mayai ya kuchemsha yaliyokatwa katikati, viini vikitazama juu. Nilichukua kipande, nikakitazama kabla ya kula, kama ninavyofanya mpaka leo hata nikiwa hotelini mwa watu. Kiini kilikuwa na rangi nzuri. Nikaketi, na hotuba zikaendelea bila mimi, kwa sababu nilikuwa nimerudi katika chumba kimoja nyuma ya duka la Mzee Hersi, Eldoret mjini, mwaka wa mahindi ya njano.

Chumba chenyewe kilikuwa na mlango mmoja, dirisha lisilo na kioo, na mashine ya kusaga posho iliyoendeshwa kwa mkanda mrefu wa mpira. Mzee Hersi alikuwa mfanyabiashara wa Kisomali aliyekuja Eldoret kutoka kaskazini, mwenye duka la jumla mbele, mashine nyuma, na lori moja la bluu lililopeleka maharagwe na kabichi Kisumu. Mimi nilisaga. Asubuhi nilitembea kutoka chumba nilichokodi Kimumu, nikafungua mlango, na kabla ya kuwasha chochote nilipangusa picha ya Rais iliyokuwa ukutani. Kila duka na kila ofisi ilikuwa na picha ile siku hizo, na yetu ilikuwa na bahati mbaya ya kuning'inia mahali unga unaporuka. Niliogopa kwamba mtu fulani ataingia akute uso umejaa vumbi, kisha akatushtaki mahali fulani. Kwa hiyo niliipangusa asubuhi, nikaipangusa saa sita, nikaipangusa kila nilipomsikia mtu asiye mteja akikohoa mlangoni. Barasa, dereva wa lori, alinitazama siku moja akanisogelea sikioni. "Odhiambo," akanong'ona, "hata mke wake hampangusi uso hivyo." Kisha akageuka haraka kuona kama kuna aliyemsikia, na sisi wawili tukarudi kazini mbio.

Naeleza haya ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa na hofu ya kukosea kana kwamba kosa ni ugonjwa wa kuambukiza. Nilikunja magunia matupu pembe kwa pembe. Nilifagia sakafu ambayo ingechafuka tena kabla sijaweka ufagio chini. Na usiku wa Jumamosi nilisoma kitabu cha ufugaji cha Kiingereza nilichonunua kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu kando ya soko, kisicho na jalada, huku kamusi ya kuazima ikiwa pajani. Hakuna aliyenituma kukisoma. Nilikuwa nimekata tamaa ya shule lakini sikuwa nimekata tamaa ya kujua, na katika kitabu kile nilipata jambo lililonishangaza: kwamba chakula cha mnyama kinaweza kupikwa kwa hesabu, hiki cha kutia nguvu, hiki cha kujenga mwili, hiki cha kuimarisha mifupa, vyote vikichanganywa pamoja. Nikatamani kuchanganya. Sikujua nitamchanganyia nani.

Mvua zilikuwa zimekosekana. Hata huku kwetu, mahali ambapo mahindi huota mpaka kwenye mifereji, mashamba yalisimama kama mifagio iliyochoka. Serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, watu wakayapangia mstari wakiwa na madebe, na waliokosa debe wakauziwa kwa mkebe ule wa mafuta ya kupikia uliokuja kuitwa gorogoro. Watu waliyala kwa kuwa njaa haina rangi, lakini waliyadharau. Nakumbuka mama mmoja kwenye foleni ya mashine akiushika unga wake kwa vidole viwili. "Hii ni chakula ya ng'ombe za wazungu," alisema, na mwenzake akamjibu, "Basi leo mzee wako atalia mooo." Walitaka usagwe na kuchekechwa mara nyingi iwezekanavyo, ili angalau ulaini uufiche unjano, na pumba na chenga wakaniachia. Rundo la njano likakua pembeni mwa chumba. Nililipanga vizuri.

Ndipo Mama Rael akaja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba maji, na hakupanga foleni. Alipita kando yake kana kwamba foleni ni ua la miiba. Akaniangalia kutoka viatuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye unasaga?"

"Ndiyo, mama."

"Chakula ya kuku unajua?"

"Nimesoma, mama."

"Sijauliza kama umesoma. Nimeuliza kama unajua."

Akanieleza shida yake akiwa amesimama. Akina mama wa Chepsaita walikuwa wamejenga banda kubwa la mabanzi, wakanunua kuku wa mayai, wa kisasa, kwa jasho la miaka. Chakula chao kilikuwa kikitoka kiwandani, mbali, kwa magunia yaliyoshonwa vizuri. Ukame ulipoingia, magunia hayo yakaadimika, kisha yakakoma kabisa kuja Eldoret. Kuku wakaanza kulishwa maganda na mabaki ya jikoni, na kutaga kukapungua hadi kukaisha. "Sasa wanaume wamekaa kikao," akasema. "Wamesema shule zikifungwa na hakuna mayai, hizo kuku ni za Krismasi. Zote. Na hiyo nyumba yao wataweka ndama." Akashusha sauti. "Wamama wakishindwa na hii, kijana, hakuna siku tutaambiwa tujaribu kitu ingine."

Mzee Hersi alikuwa amesimama katika mlango wa kuingia dukani, tasbihi mkononi, akisikiliza. "Odhiambo, unaweza?" Nikasema naweza, mzee. "Basi usiharibu jina ya duka."

Ni hapo nilipofanya kosa nililolitaja. Nilichukua chenga na pumba za njano, nikatia mashudu ya alizeti, nikatia chokaa na chumvi, nikavisaga vyote mpaka vikawa vumbi, kisha nikavisaga tena. Nilishona midomo ya magunia kwa uzi mweupe, mshono mmoja mmoja, kama nguo ya harusi. Barasa aliyapeleka Chepsaita, na mimi nikakaa nikisubiri sifa.

Mama Rael alirudi na kapu. Aliliweka moja kwa moja juu ya mizani, mbele ya foleni nzima, akatoa kuku wawili weupe walioshikana kwa huzuni. Midomo yao ilikuwa imezibwa na uji mkavu. Mmoja alipiga chafya, na wingu dogo likatoka.

"Angalia," akasema. "Hii ni kuku, ama ni bibi harusi amepakwa poda?"

Foleni ikaangua kicheko. Mtu wa nyuma akauliza kuku hao wameolewa wapi. Nilihisi masikio yangu yakiungua. Nikaanza kueleza kuhusu ubora, kuhusu kuchekecha mara mbili, na nilivyozidi kueleza ndivyo kuku yule alivyozidi kupiga chafya. Mama Rael aliningoja nimalize. "Kesho utakuja Chepsaita," akasema. "Utakaa ndani na wao. Utaona vile wanakula. Halafu ndio utaniambia habari ya ubora."

Nilienda. Aliniwekea kigoda ndani ya banda, akafunga mlango kwa kamba, akaenda zake. Kwa mtu asiyependa uchafu, asubuhi ile ilikuwa adhabu. Lakini baada ya muda nilisahau viatu vyangu nikaanza kutazama. Kuku halambi chakula wala hakikombi. Anakitazama kwa jicho moja, anachagua punje, anaidonoa, anachagua nyingine. Katika vihori vya kulishia vilivyojazwa unga wangu wa kifahari, walikuwa wakitafuta punje na hakukuwa na punje. Walidonoa vumbi, likawaganda mdomoni, wakaenda kunywa maji, likageuka gundi. Chakula chote kilikuwa pale, hesabu yote ya kitabu, na wao walikuwa na njaa mbele yake. Kisha panzi mmoja akaingia kwa upenyo wa mabanzi. Kuku wa kwanza kumshika hakupata nafasi ya kummeza. Banda zima lilimkimbiza, kelele juu, manyoya juu, likazunguka kigoda changu mara kadhaa. Niliinua miguu. Nikaelewa jambo la pili: walikuwa na hamu ya nyama kama mtu aliyefunga mwezi mzima.

Saa saba Mama Rael alinifungulia, akaniketisha jikoni kwake. Palikuwa na ugali wa njano, sukuma wiki, na maziwa ya mursik yaliyogandishwa na kumiminwa kutoka kibuyuni, yenye chembechembe za mkaa. Katika chumba cha pili, nyuma ya pazia la maua, wanaume watatu walikuwa wakila, na sauti zao zilikuja wazi kama redio. Mmoja alikuwa mume wake, mzee mrefu niliyemwona amevaa koti la mvua katika jua lile.

"Mfugo ni kitu unaita jina, inakuja," alikuwa akisema. "Ng'ombe unaita, inakuja. Kuku utaita nani?"

"Mimi ile nyekundu nimeiwekea macho tangu mwezi wa sita," sauti nyingine ikasema. "Hiyo ni yangu."

"Ile nyekundu iko kwa boma yangu, itakuwa yako namna gani?"

"Wewe ulisema unataka zile mbili za kando ya mlango."

"Nilisema mbili *na* ile nyekundu."

Walikuwa wakigawana. Mama Rael alikuwa anasikia kila neno. Aliendelea kunikatia ugali kwa mwiko bila kubadilisha uso. Kisha akaukwangua ukoko wa sufuria, ule wa njano ulioungua kidogo, akautupa nje kwa kuku wa kienyeji waliokuwa mlangoni. Waliuvamia. Walichagua makombo ya njano, moja moja, wakayamaliza, wakasimama wakingoja mengine. Nilisimama na tonge mkononi. Wale waliokuwa wakila chakula kile bila kukidharau walikuwa kuku peke yao.

Nimefikiria mara nyingi kwa nini siku ile ilinibadilisha kuliko vitabu nilivyosoma baadaye. Redio zetu wakati huo zilikuwa hazichoki kutuambia kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi, na mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa huku nikisaga, nikidhani kilimo ni jembe na mvua, na kwamba kinaishia pale gunia linapofungwa. Lakini uti wa mgongo peke yake haubebi gunia. Lazima kuwe na mikono na miguu. Kile tunachokiita leo biashara ya kilimo, ambacho vijana husomea vyuo vikuu kwa miaka minne, mimi nilikiona siku ile kutokea upande wa nyuma, kutoka mdomoni mwa kuku. Nilikuwa nimeanza na mashine yangu na kiburi changu. Nilipaswa kuanza na yule anayekula, kisha nirudi nyuma hatua kwa hatua: kihori, gunia, mashine, lori, mpaka kwa mtu aliyeko mwisho wa barabara ambaye hajui kwamba kuku wa Chepsaita wanamhitaji.

Na mtu huyo nilimjua. Mimi ni wa kutoka Ziwa Victoria; najua akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu ufuoni, na najua kwamba msimu wa wingi wanabaki na omena zilizovunjika ambazo hakuna mtu wa kuzinunua kwa mboga. Kitabu changu kilisema samaki mkavu ni chakula bora cha kujenga mwili wa kuku. Lori la Mzee Hersi lilienda Kisumu likiwa limejaa na kurudi tupu. Nilikuwa nimepangusa picha ukutani mwaka mzima bila kuviona vitu hivi vitatu vikiwa vimekaa pamoja.

Nilimwendea Mzee Hersi alipokwisha kuswali alasiri. Alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya duka, na chai ya tangawizi na iliki na anjera, chapati laini za Kisomali, zilizokunjwa zikiwa mbele yake. Barasa alikuwa pembeni akijihudumia. Nilieleza. Mzee aliweka kikombe chini polepole.

"Samaki," akasema.

"Omena, mzee. Wadogo tu."

"Lori yangu inabeba maharagwe. Inabeba kabichi. Watu wakinusa samaki kwa kabichi, watasema Hersi amekuwa mvuvi."

"Lakini inarudi tupu, mzee."

"Tupu, lakini inanukia vizuri."

Barasa akapaliwa na chai. Mimi nilibishana, jambo nisilowahi kufanya mbele ya mzee yule. Nilimwambia kwamba kutoka Kisumu hadi Eldoret anachoma mafuta kubeba hewa. Akasema hewa hainuki. Nilimwambia kuhusu kigoda, kuhusu panzi, kuhusu wanaume nyuma ya pazia wakigawana kuku walio hai. Sijui ni lini aliacha kutabasamu. Alizungusha tasbihi, kisha akaongea kwa sauti nyingine. Alisema jamaa zake kule kaskazini walikuwa wamepoteza ng'ombe karibu wote ukame huo. "Mnyama akikosa chakula," akasema, "anakutazama. Hakutukani. Anakutazama tu." Akanywa chai yake yote. "Mara moja. Turubai mbili. Na wewe, Odhiambo, utakaa huko nyuma pamoja na hao ndugu zako samaki."

Ndivyo nilivyosafiri. Tulinunua omena zilizovunjika kwa akina mama ambao walituuliza mara tatu kama tuna uhakika, na tukapanda mlima kurudi, mimi nikiwa juu ya magunia nikinuka kama wavu. Kwenye kizuizi cha polisi tulisimamishwa. Siku hizo hukuweza kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, na askari aliona lori, akaona turubai mbili, akafurahi. Akapanda na kile chuma kirefu cha kudunga magunia.

"Hii ni mahindi mmeficha."

"Omena, afande," Barasa akasema kutoka chini.

"Na chini ya omena?"

"Omena."

Askari akadunga, akachomoa chuma, akakipeleka puani. Uso wake ukajikunja kama karatasi. "Funika! Funika hii kitu!" Akaruka chini. Kisha udadisi ukamzidi. "Nani atakula hii yote?"

"Kuku, afande," nikasema.

Alinitazama kwa uchungu wa kweli. "Kuku wanakula samaki," akasema, "na mimi niko hapa na sukuma." Akatupungia mkono tupite.

Kuchanganya kulinishinda kwa namna yangu ile ile. Nilibadilisha wavu wa chuma ulio ndani ya mashine, nikaweka wa matundu makubwa, na chenga za njano zikatoka punje punje, zikiniumiza macho. Kila nilipoziona nilitaka kuzirudisha. Omena niliziweka kidogo tu, kwa kuwa kitabu kilionya kwamba samaki akizidi, mayai hunuka. Kisha nikaketi chini nikaanza kutoa vipande vya makombe ya konokono wa ziwani vilivyonaswa ndani yake, kimoja kimoja, mchana kutwa. Barasa alisimama mlangoni na lori linanguruma. "Odhiambo, unawatafutia hao kuku wachumba?" Mama Rael, aliyekuja kuchukua magunia, alichungulia ndani ya karai langu. "Unatoa nini?" Nikamwambia, uchafu, makombe. Akalichukua karai zima, akayarudisha makombe guniani. "Kuku anatengeneza ganda la yai na nini? Na maombi?" Walipakia gunia la mwisho kabla sijalishona mdomo. Nililia kidogo walipoondoka, sioni haya kusema. Nililia kwa sababu kitu changu kilikuwa kimetoka nje kikiwa na punje, makombe na mdomo uliofungwa kwa kamba ya katani, na sikuweza kukifuata kukirekebisha.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri. Kila kikohozi mlangoni nilidhani ni yeye na kapu lake. Shule zilikaribia kufungwa.

Mama Rael alikuja asubuhi moja na trela la trekta la jirani. Aliingia na debe lililojaa pumba, akachimba ndani kwa vidole, akatoa yai. Akaenda hadi kwa mama wa chai aliyekuwa na jiko lake kando ya mlango wetu, akaomba kikaango, akalipasua. Kiini kilitua katikati ya mafuta, kikasimama wima, cha njano nzito ambayo sikuwa nimeiona katika yai la kuku wa kisasa. Foleni ikavunjika, watu wakaja kuangalia. "Haiya," mama mmoja akasema, "hii ni yai ama ni jua?" Ilikuwa rangi ya yale mahindi waliyoyadharau, imepitia kwa kuku ikatoka na heshima. Mzee Hersi aliitwa. Alinusa kwanza, kwa muda, macho yamefungwa. Akasema bismillahi, akala, akafuta ndevu. "Hakuna samaki," akatangaza, na Barasa akapiga honi ya lori mpaka mzee akamfokea.

Kwenye trela kulikuwa na madebe mengine yaliyojaa. Mwenye tanuri la mkate mjini aliyachukua yote kwa sababu keki zake zilitoka njano bila kutiwa rangi. Alikuja mwenyewe kuuliza kama kuku hao wanalishwa dhahabu. Lori la bluu likaenda Kisumu tena, na safari hii Mzee Hersi mwenyewe ndiye aliyenunua turubai ya tatu. Akina mama wa ufuoni wakaacha kutuuliza kama tuna uhakika. Vijana wawili wakaajiriwa kunisaidia kuchanganya, na Chepsaita watoto wakapata sare mpya za shule zilizonunuliwa na kuku. Nilianza kuona jinsi yai moja linavyopita katika mikono ya watu ambao hawatawahi kukutana: mvuvi, dereva, mtu wa mashine, mfugaji, mwoka mikate, mtoto anayekula keki. Ukimtoa mmoja tu, wote waliobaki wanatazamana.

Shule zilifungwa. Krismasi ikapita na kuku wote wakiwa hai. Na mwanzoni mwa Januari, nikiwa nimeipa mashine mgongo, nilisikia kikohozi kisicho cha mteja. Mkono wangu ulienda wenyewe kuchukua kitambaa cha kupangusia picha. Lakini alikuwa mume wa Mama Rael, amevaa lile koti lake la mvua, na gunia tupu limekunjwa kwapani.

"Chakula ya kuku iko?" akauliza, akitazama ukuta.

"Iko, mzee. Wanaendeleaje?"

"Wako." Akasogea karibu zaidi. "Ile nyekundu inataga sana. Nimeipa jina."

"Jina gani, mzee?"

"Mwenyekiti."

"Na ukiita, inakuja?"

Alifikiri kwa uaminifu mkubwa. "Ikitaka," akasema.

Nilimjazia gunia lake mpaka juu, na nilipomaliza nilimwona akiingiza mkono, akichukua konzi, akizitazama punje kwa jicho moja kama kuku anavyofanya. Aliridhika. Alibeba gunia begani mwenyewe, mbele ya watu wote, akapita nalo katikati ya mji.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza Desemba iliyopita, mayai yakiwa mezani, Mama Rael akinigonga goti kwa fimbo yake ili niamke nitoe hotuba. Nilisimama. Sikuwa nimeandaa chochote, na hilo peke yake lingenitisha vibaya zamani. Nilisema machache, nikakosea jina la diwani, watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Leo nina kinu changu mwenyewe, chenye wavu wa matundu makubwa, na magari yake hayarudi tupu. Kabla sijauza mchanganyiko wowote mpya, nachukua kigoda, naingia bandani, nakaa nitazame kuku wanavyokula.